Uso Mbele, Mtaa Nyuma

Picha za harusi, send-off na mahafali zinazopigwa Mbagala, Dar es Salaam, siku hizi zinafanana kwa jambo moja: uso umetoka vizuri hata kope zinahesabika, lakini nyuma yake kila kitu kimefifia. Taa za bajaji zimegeuka viduara vya rangi, mabati ya Charambe yamekuwa utandu wa kijivu, nguzo ya umeme haionekani kabisa. Mtazamaji akiambiwa ni Dubai atakubali. Kiufundi jambo lenyewe si gumu. Lensi ikifunguliwa sana, tuseme f/1.8, kamera ikasogezwa karibu na mtu, na mtu akasimamishwa mbali na ukuta, kinachobaki wazi ni kipande chembamba tu cha umbali. Tangu iPhone 7 Plus ilipotoka mwaka 2016, simu nazo zimezoea kuigiza hali hiyo kwa programu. Swali langu ni kama tunaweza kusema tumemwona mtu baada ya kufuta mahali anapoishi. Kwa jinsi mtindo huu unavyotumika sasa, nasema hatuwezi.

Hoja nzito zaidi ya wanaoutetea inatokana na jambo ambalo Uislamu na Ukristo vyote vinalithamini: kumkabili mtu mmoja kwa moyo wote. Anayemsikiliza mgonjwa hachungulii dirishani. Hata jicho limeumbwa hivyo, maana ni sehemu ndogo tu katikati ya retina inayoona kwa ukali, na mwaka 1889 P. H. Emerson, aliyepiga picha za maisha ya mashambani Uingereza, alitetea kwamba picha nayo ifuate jicho. Nakubali nusu ya hoja hii. Jicho likiacha kitu nyuma linakiacha kwa muda. Punde linageuka na kumwona muuza vitumbua aliyekuwa pembeni. Picha haigeuki. Kilichofifishwa kimefifishwa hata kwa wajukuu watakaoifungua albamu, nao hawatajua bibi yao aliolewa mtaa gani.

Zaidi ya hapo, ukungu wa lensi na ukungu wa programu haulingani kimaadili. Lensi inatii umbali: shangazi aliyesimama bega kwa bega na bibi harusi anabaki wazi kwa sababu kweli yuko karibu. Programu inakisia nani mhusika na nani si mhusika. Itazame kwa karibu picha ya simu iliyokosea: ncha ya ushungi imekatika, hereni imeliwa nusu, na mkono wa shangazi uliowekwa begani unapotelea hewani kuanzia kwenye kiwiko. Hapo mashine imeamua ujirani bila kuuliza. Mtume alieleza kwamba Jibril alimuusia sana kuhusu jirani hata akadhani atamfanya kuwa mrithi. Katika Luka sura ya 10, kuhani na Mlawi walimwona majeruhi barabarani, wakapita upande wa pili. Kuona waliona, walichokiongeza ni umbali. Mpiga picha anayemvuta bibi harusi mbali na mtaa ili mtaa upotee anachagua umbali vilevile, na lensi inauandika kwa uaminifu.

Wapo watakaosema hili si geni pwani, na ni kweli. Wapiga picha wa Likoni, Mombasa, walisifika kwa mapazia yenye meli na ndege, na hakuna aliyewaita waongo. Lakini pazia linajitangaza. Mteja na mtazamaji wote wanajua ni pazia, na ndoto inasomwa kama ndoto. Ukungu unadai kuwa ni mahali halisi, kisha unakataa kusema ni wapi. Kwa Mbagala hilo linauma zaidi. Aprili 29, 2009, ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka, mitaa hii ilionekana magazetini ikiwa wazi kabisa: kuta zilizobomoka, paa zilizong'oka, watu wakikimbia na watoto. Mahali panapopigwa kwa ukali siku ya msiba na kufifishwa siku ya furaha panajengewa kumbukumbu ya msiba peke yake. Na mtoto anayekulia Kizuiani anajifunza mapema kwamba ili apendeze, kwao lazima kusionekane.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la stara. Anayepita nyuma na ndoo ya maji hakuomba kupigwa picha, na kumfifisha ni kumhifadhi. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda haki za namna hiyo. Hapo sina ubishi: uso wa mpita njia ufichwe. Ila stara ni haki ya anayesitiriwa, na mabati, mwembe na kibanda cha chipsi havina aibu ya kusitiriwa. Kinachohifadhiwa vinapofutwa ni hadhi anayoitamani mteja, wala si heshima ya jirani. Lensi ifungwe hadi f/5.6, mtu asogezwe hatua chache karibu na ukuta wa kwao, na uso utaendelea kutawala picha huku mwembe ukijulikana kuwa mwembe. Mpiga picha wa Rangi Tatu, hapo hapo Mbagala, anaweza kupiga picha hiyo na ile ya f/1.8 kwa dakika moja, akampa bibi harusi zote mbili bila kumwambia ipi ndiyo nzuri.