Njia ni ya Nani?

Katika miji ya pwani nyumba nyingi za kale zina baraza mbele ya mlango. Mwenye nyumba aliijenga kwa mali yake, lakini huikalia mpita njia aliyechoka, mzee anayengoja adhana, na muuza kahawa. Hapana hati iliyowapa ruhusa, wala hawafukuzwi. Liko sharti moja tu lisiloandikwa: apitapo mtu katika uchochoro mwembamba, aliyekaa hukunja miguu yake.

Huikumbuka miguu hiyo kila nipitapo Kariakoo, Dar es Salaam. Jina lenyewe lashuhudia kuwa matumizi ya mahali hubadilika: ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya kuanza Vita Kuu ya Kwanza, na Carrier Corps ikawa Kariakoo vinywani mwa watu. Palipokuwa kambi pakawa soko. Soko likajaa, likamwagika njiani. Mwaka 2018 serikali iliwapa wachuuzi wadogo, tuwaitao wamachinga, vitambulisho kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 waliamriwa kuziacha njia za waendao kwa miguu. Njia ilikuwa ile ile na mtu yule yule. Hesabu ya haki ilibadilika, na gharama yake ikamwangukia mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Hata hivyo sitaki kumtetea mchuuzi kwa umaskini wake peke yake. Kipofu aipapasaye njia kwa fimbo, na mama mwenye mtoto mgongoni, wakikuta njia imezibwa kwa meza za viatu hushuka barabarani penye magari. Nao huenda ni maskini vile vile. Mwenye baraza alitoa kilicho chake. Mwenye meza ametwaa kilicho cha wote. Hoja hiyo ya wafukuzao naikubali nusu. Nusu ya pili wameisahau: mchuuzi naye hutoa. Humuuzia mtu kwa kadiri ya mfuko wake, humwelekeza mgeni, na taa yake huifanya njia ipitike usiku. (Ramani za miji nimeziona nyingi, watu hawamo.)

Nauliza basi: njia imebakiwa na upana gani, na ulipopimwa, kipofu na mchuuzi walikuwapo? Kumpeleka mchuuzi mbali na wanunuzi ni kumwamuru mvuvi avue nchi kavu. Akunjaye miguu na akae. Asiyekunja ndiye mvamizi, hata akiwa na kibali, hata likiwa gari la mkubwa lililoegeshwa juu ya njia ya miguu, ambalo sijaona bado likifukuzwa kwa rungu.