Sare na Usawa: Vazi la Mwanafunzi katika Nchi ya Pamba

Neno "sare" katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana: ni vazi la aina moja linalovaliwa na watu wa kundi moja, na pia ni hali ya kulingana, kama inavyosemwa kwamba timu mbili zimetoka sare pale ambapo hakuna iliyoizidi nyingine. Ukaribu huo wa maana ndio unaozaa swali la kifalsafa linalozihusu shule za Bariadi na za mkoa mzima wa Simiyu: je, watoto wakifananishwa kwa nguo huwa sawa kweli, au tofauti zao hufunikwa tu?

Wanaoitetea sare huijenga hoja yao juu ya utu, yaani thamani aliyonayo kila binadamu kwa kuwa binadamu, ambayo mali haiiongezi wala ufukara hauipunguzi, na ambayo Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitambua. Shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu humsaidia mwalimu asimpime mtoto kwa mavazi kabla hajamsikia akijibu swali, na humwepusha mwanafunzi na mashindano asiyoyachagua. Hoja hiyo ni nzito, lakini ina mpaka wake, kwa kuwa wote wanapopimwa kwa kipimo kimoja, upungufu mdogo huonekana zaidi: kola iliyochanika, rangi iliyopauka na viatu vilivyotoboka huutangaza umaskini wa nyumbani kuliko ambavyo vingeutangaza katikati ya nguo za kila namna.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, ila sare ikabaki kuwa jukumu la mzazi. Shule hufunguliwa Januari, pamba ikiwa ingali changa shambani, ilhali msimu wa kuinunua kwa kawaida huanza Mei; hivyo mkulima hudaiwa nguo miezi kadhaa kabla ya kulipwa kwa zao linalozaa nguo.

Hapo ndipo inapofaa kutenganisha usawa wa sura, ambao ni kufanana kwa kinachoonekana, na usawa wa haki, ambao ni kila mtoto kupata nafasi ya kujifunza. Wa kwanza una thamani pale tu unapoutumikia wa pili, maana mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare hutengwa kwa jina la kitu kilichobuniwa ili asitengwe. Haki inadai apokelewe darasani kwanza, kisha mzazi, kamati ya shule na kijiji washauriane namna ya kumvisha, hata kama itabidi kusubiri pamba iuzwe.