Utaji wa Jirani

Ndugu wapenzi wa Moshono, tumesikia wengine wakisema: Serikali iwakataze wanawake wa Kiislamu kufunika nyuso zao njiani. Kweli, mwaka 2015 serikali ya Chad ilikataza hivyo, baada ya mabomu ya N'Djamena. Serikali imewekwa na Mungu ilinde uhai wa watu. Basi askari wa kike akitaka kuutazama uso penye ukaguzi, ni haki. Lakini kumfungia njia asiye na kosa ni neno jingine. Wala utaji si alama ya uovu: Rebeka naye alijifunika alipomwona Isaka. Tena Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, yalinda imani ya kila mtu. Tukiomba haki yake ivunjwe, yetu italindwa na nani? Basi tukutanapo naye sokoni, tumsalimu kama jirani.