Kipaji cha Mwimbaji ni cha Nani?

Mahojiano ya redio na mwanamuziki hayamaliziki bila swali la asili ya kipaji. Mtangazaji wa Bukoba huliuliza kama anavyoliuliza mwenzake wa Dar es Salaam, na jibu lililozoeleka ni kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu. Jibu hilo ni la imani na linastahili heshima, lakini linazaa swali gumu: kama kipaji ni cha Mungu, mwimbaji ana nini cha kwake katika wimbo?

Katika jadi ya Wahaya majibu yalikuwa mawili. Mbandwa, yaani mtu aliyepandwa na roho, tuseme ya Mugasha, mwenye ziwa na mvua, alihesabiwa kuwa kinywa tu. Maneno yalikuwa ya roho. Ni karibu na hoja ya Sokrates katika *Ion* ya Plato, kwamba mghani wa Homer husukumwa na mungu, si na ujuzi. Mpiga enanga ni mtu wa namna nyingine. Ameketi na ala yake ya nyuzi, iliyochongwa katika kipande kimoja cha mti, akighani habari za mashujaa kama Kachwenyanja na Rukiza. Visa alivirithi kwa waliomtangulia. Hata hivyo Mugyabuso Mulokozi, aliyewachunguza wapiga enanga kwa kina katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba hawakariri tu: utendi huundwa upya mbele ya hadhira. Kisa ni cha wazee, na ughani wa usiku ule ni wa mghani. Hilo ni jibu bora kuliko la Sokrates, kwa kuwa linatambua kazi.

Ukristo ulileta namna yake ya kusimulia maisha. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892, Walutheri wakafuata, na Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukaenea Buhaya kuanzia miaka ya 1930 ukiwa na ushuhuda: mtu husimama mbele ya watu akaeleza alivyoishi kabla, na neema ilivyomfikia. Mahojiano mengi ya wanamuziki hufuata mkondo huohuo, yaani dhiki, majaribu, kisha mlango kufunguka. Ni usimulizi wenye nguvu, lakini sifa yote ikipanda juu, watu wa katikati hupotea: mama aliyeimba akipalilia mgombani, mwalimu wa kwaya, mpiga ngoma, fundi wa studio. Maandiko yenyewe hayakutaka hivyo. Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anamzuia mtu kujisifia alichopewa. Mathayo 25, katika mfano wa talanta, inamtaka aliyepewa atoe hesabu. Waislamu wanalo neno lao: amana. Aliyepewa amana hajawa mmiliki, lakini ataulizwa.

Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, analiweka jambo hili wazi. Wimbo wake *Maria Salome* wa mwaka 2001 ulimfikisha kwa wasikilizaji wengi wasiojua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa “Salome”, iliyojengwa juu ya wimbo huo. Kama wimbo ungekuwa wa Mungu peke yake, yeyote angeuchukua bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo: inalinda haki ya mtunzi, na inazitambua pia sanaa za jadi ambazo ni mali ya jamii. Hapo sheria imekuwa karibu zaidi na mpiga enanga kuliko na mbandwa.

Kumshukuru Mungu na kumtaja mwalimu ni mambo yanayokaa pamoja, na mwanamuziki anayelitaja la kwanza tu ametoa nusu ya hesabu. Mtangazaji wa Bukoba au Muleba anayepewa jibu la zawadi ya Mungu asiishie hapo. Aulize pia zawadi hiyo ilipitia mikononi mwa nani, na aliyepewa ameifanyia kazi gani.