Je, Udongo Husamehe?

Mtu wa Ganda hujua thamani ya udongo, maana mahindi, mihogo na maembe yake hutoka humo. Lakini, msomaji, mtu akimwaga oili chafu shambani, je, kosa lake hufutika udongo ukijisafisha?

Kwamba udongo hujisafisha si hadithi. Humo mna bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao hula mafuta na kuyavunjavunja. Wahitaji hewa, unyevu na muda mrefu, lakini hawadai ujira. Huko Bamburi, mwaka 1971, Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa matupu na kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, chache zilistahimili, mvinje ukiwamo. Katika mizizi yake hukaa bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti. Majongoo wakatafuna majani yaliyopukutika, na kinyesi chao kikawa mboji. Palipokuwa jangwa pakawa msitu.

Mvivu wa fikira atasema, "Basi tuchafue, dunia itajitakasa." Mjibu kwa habari ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi huko tangu 2007 hadi 2014, risasi ikaingia udongoni na katika damu ya watoto. Risasi ni madini yasiyovunjika. Hakuna bakteria awezaye kuila ikaisha. Mmea waweza kuifyonza, au kuishika isitapakae, lakini risasi hubaki risasi, na mmea ulioifyonza wenyewe huwa sumu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo mwaka 2024. Fedha hupunguza dhiki, lakini haiitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Wazee husema, mchuma janga hula na wa kwao. Hapa jambo ni zito zaidi: faida ilikuwa ya wengine, janga wakalila majirani.

Udongo, basi, hausamehe. Hufanya kazi yake tu. Msamaha ni wa jirani aliyedhuriwa, na kusafisha ni deni la aliyechafua. Bakteria na mvinje ni wasaidizi wake, si wadhamini wake. Nawe, kabla hujamwaga kitu ardhini, jiulize: ni nani atakayekula kitakachoota hapa?