Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii husifu ukarimu. Lakini wewe, msomaji, fikiri: ikiwa mgeni huyo ni tabibu, naye amewaacha wagonjwa wa kwao vitandani, ni nani atakayewaponya hao?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kibali kiitwacho Kadi ya Buluu. Kwa kibali hiki mtu wa nchi za nje mwenye ujuzi wa juu, kama vile mhandisi au daktari, huruhusiwa kukaa na kufanya kazi katika nchi za Umoja huo, isipokuwa Denmark na Ireland, ambazo hazimo katika mpango huo. Mwombaji sharti awe na elimu iliyothibitishwa, mkataba wa kazi, na mshahara usiopungua kima kilichowekwa. Sheria ilipotungwa upya mwaka 2021, muda mfupi kabisa wa mkataba ulipunguzwa kutoka mwaka 1 hadi miezi 6.

Utazame mkataba huo. Una sahihi mbili, ya mwajiri na ya mwajiriwa. Lakini yuko wa tatu asiyetia sahihi, nayo ni nchi iliyomlea mtu yule. Mkulima alilipa kodi ili shule ijengwe. Mwalimu alimfundisha kusoma. Wagonjwa walimvumilia alipokuwa akijifunza kazi. Je, hawa hawana haki yoyote?

Wako wasemao kwamba mtaalamu azuiwe asiondoke. Neno hilo si la haki, kwa kuwa binadamu si ng'ombe wa zizini. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata nchi yake, na kurudi kwao. Wako pia wasemao kwamba ujuzi ni mali ya mwenyewe, wala hana deni kwa mtu. Hilo nalo si kweli, maana hakuna aliyejilea.

Waliotunga sheria ya mwaka 2009 walilitambua jambo hili. Waliandika kwamba nchi yaweza kulikataa ombi la kibali ili isichukue wataalamu wa kazi ambazo kwao wenyewe ni haba. Lakini angalia: sheria yasema "yaweza", haisemi "lazima". Mahali sheria inaponyamaza, dhamiri haina budi kusema.

Basi deni hili lilipwe kwa hiari, si kwa minyororo. Nchi ipokeayo isaidie kufundisha wengine kule ilikomtoa mgeni wake. Nchi itoayo iwape wataalamu wake ujira wa heshima, ili abakiye abaki kwa kupenda. Nawe, kibali kama hicho kikija mkononi mwako siku moja, kipokee bila aibu. Ila uikumbuke sahihi ya tatu ambayo haikuandikwa.