Mkono Usioguswa

Sokoni Singida, mnunuzi wa kuku hamwamini muuzaji, wala hayaamini macho yake mwenyewe. Manyoya huficha mengi. Humwinua kuku kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili hupapasa kidari: mfupa uliochongoka hutangaza njaa, nyama iliyojaa hutangaza malezi mema. Kuku hao hufika hata Dar es Salaam, na biashara yote hiyo huanzia katika ncha za vidole.

Siku hizi mafundi wa roboti hutaka kuufundisha mkono wa chuma maarifa kama hayo. Kwa kuwa chuma ni ghali na huvunjika, mkono hufunzwa kwanza ndani ya kompyuta, katika ulimwengu wa mwigo. Programu ya MuJoCo, ambayo Emanuel Todorov na wenzake waliieleza mwaka 2012, ina kihisi cha mguso: hujumlisha nguvu zinazokandamiza eneo lililowekewa mipaka, na kutoa namba moja. Vitu viwili vikikutana huachwa viingiliane kidogo sana, na kadiri vinavyoingiliana ndivyo vinavyosukumana. Ni hesabu nzuri, na sina ugomvi nayo.

Swali langu ni kama hesabu hiyo yastahili jina la mguso. Ugumu wa kidari katika mwigo uliandikwa na mtu kabla kidole hakijafika. Kidole hurudishiwa kilichowekwa. Hata kosa la kihisi, ambalo mafundi huliongeza makusudi ili mwigo ufanane na kweli, ni kosa lililopangwa. Kidole cha mnunuzi chaweza kumkanusha mwenyewe aliyekinyosha.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa waraka TS 15066, unaotaja nguvu ambayo roboti ifanyayo kazi pamoja na watu isiipite inapowagusa. Mipaka ya maumivu haikutoka katika mwigo. Ilitoka Mainz, Ujerumani, ambako watu wazima 100 wenye afya walikandamizwa sehemu 29 za mwili hadi shinikizo likawa maumivu. Hao walikuwa na ulimi wa kusema basi. Kuku naye ana mabawa ya kupigapiga. Mkono uliolelewa na namba tupu utajifunza wapi kusikia basi? Fundi atakayeuleta kwetu na aujaribu kwanza juu ya kiganja chake mwenyewe, ndipo ausogeze kwa mkulima wa alizeti wa Iramba, ambaye kiganja chake kimesuguliwa na jembe miaka mingi, na ambaye huenda akaumia na kunyamaza.